Pipi za bangi za kukondesha, na kapsuli za kaka yangu

Pipi nazipa nyota moja kati ya tano. Kapsuli nazipa nne. Nimeanza na hukumu kwa sababu najua wengine mtasoma hadi hapa tu, mko kwenye basi au mnasubiri zamu ianze, na sitaki dola zenu 45 ziende zilikokwenda zangu.

Nazungumzia vitu viwili vilivyokaa jikoni kwangu kwa wakati mmoja, hapa Minnesota, mwezi wa tisa na wa kumi. Cha kwanza ni chupa ya pipi laini za kutafuna, 30 ndani yake, zinazouzwa kwa watu wanaotaka kupunguza mwili. Cha pili ni kapsuli za dronabinol alizoandikiwa kaka yangu, anayeugua saratani ya tumbo, ili apate kula. Pipi zimetokana na mmea wenyewe. Kapsuli ni THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, iliyotengenezwa maabara. Ya kwanza iliniahidi kunifunga mdomo, ya pili ilitakiwa kumfungua kaka mdomo. Jioni moja niliziweka zote mezani, nikazitazama kwa muda mrefu.

Kilichonifanya ninunue pipi ni mwili wangu. Nina kilo 92 kwa urefu wa sentimita 160. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, nawainua na kuwageuza usiku kucha, na magoti yameanza kulalamika. Mwezi wa nane mwenzangu mmoja wa kundi letu la akina mama alinitumia ujumbe wa sauti: "Mama Koku, hebu niambie, umewahi kumwona mvuta bangi mnene?" Nikawakumbuka vijana wa Kashai na wale wapakuzi wa bandari ya Kemondo, kwetu Bukoba, nilipokuwa msichana. Kweli, wote walikuwa wembamba kama fito. Sikuuliza walikuwa wanakula nini kwa siku, wala walikuwa wanabeba magunia mangapi. Akanitumia na kiungo cha kampuni, nikaagiza usiku uleule. Kampuni siitaji, kwa sababu wanaouza kitu hicho ni wengi na maneno yao ni yale yale.

Kuna jambo lazima niliseme hapa. Mimi ni mtoto wa Bukoba, nimezaliwa 1974, na wenzangu wa Kagera wataelewa kwa nini neno kukonda halijawahi kuwa jepesi kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu. Kabla watu hawajalijua jina hilo, ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za biashara zilizovuma wakati ule. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, yaani wembamba. Shangazi yangu alikuwa mwanamke wa kutoka shambani na mkungu kichwani bila kupumzika njiani, na alipofariki mwaka 1989 jeneza lake lilikuwa jepesi mno. Miaka hiyo mama alikuwa akitutazama mashavu kila asubuhi kabla hatujaenda shule. Kwetu mtu akikuambia umenenepa, alikuwa anakupa pongezi ya dhati. Kwa hiyo mimi kulipa pesa nikonde, wakati chumba cha pili kuna kaka yangu anakonda bila kutaka, lilikuwa jambo zito moyoni tangu siku chupa ilipofika.

Sasa pipi zenyewe. Ni za zambarau, zimepakwa sukari ya chengachenga, na ladha ni ya zabibu na majani mabichi kwa nyuma. Lebo inasema kila moja ina miligramu 10 za THCV, kemikali nyingine ya bangi, na miligramu 2 za THC. Hapo kwenye lebo ndipo nilipopaswa kusimama. Kwenye ubongo kuna vipokezi viitwavyo CB1, na mfamasia wa kaka alinieleza kwa mfano wa kufuli. THC ni ufunguo: inaingia, inazungusha, na moja ya milango inayofunguka ni ule wa njaa. THCV kwa dozi ndogo inaingia kwenye tundu lile lile lakini haizungushi, inakaa tu na kumzuia mwingine asiingie. Basi ndani ya pipi moja wameweka wa kufungua na wa kufunga. Nilimwuliza kwa nini mtu atengeneze hivyo. Akasema hajui nia ya mtengenezaji, ila anajua kwamba pipi yenye THC kidogo mteja ataihisi mwilini, na anayehisi kitu huamini kwamba kinafanya kazi.

Na kweli nilikihisi. Nilikuwa nakula moja saa nne asubuhi, kama maelekezo yanavyosema. Siku mbili za kwanza mdomo ulikauka, moyo ukaenda mbio kidogo, na chakula cha mchana nikakisahau. Nikafurahi sana, nikamwandikia mwenzangu. Siku ya tatu chakula cha mchana nilikisahau tena, lakini saa tatu usiku nilisimama mbele ya jiko nikala wali wa nazi uliobaki, kisha maandazi manne, kisha nikakwangua ukoko wa sufuria. Hiyo ndiyo ikawa desturi: mchana nashinda na kahawa, usiku nalipa deni pamoja na riba. Mizani ilisoma 92.0 siku ya kwanza, 91.3 siku ya saba, 92.4 siku ya 19. Siku ya 19 ndiyo ya mwisho, na sababu ya kuacha haikuwa mizani. Nitaieleza.

Kwanza nimalize suala la ahadi, kwa sababu baada ya hapo nilikaa chini nikasoma. Kwa panya, THCV imeonyesha mambo ya kuvutia. Kwa binadamu, kuna utafiti uliochapishwa 2016 wa watu 62 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliopewa THCV walimeza miligramu 5 mara mbili kwa siku, kwa wiki 13, na sukari yao ya kabla ya kula ilishuka. Uzito haukushuka. Miligramu 10 kwa siku, sawasawa na za pipi yangu, kwa miezi mitatu, chini ya uangalizi wa madaktari, na uzito ukabaki palepale. Ukurasa wa kampuni unanukuu habari ya sukari kwa herufi kubwa. Ya uzito haipo.

Na hata lile wazo la kufunga kufuli la njaa si geni. Kampuni ya Sanofi-Aventis ilitengeneza dawa ya kufanya hivyo hivyo, rimonabant, kwa jina la biashara Acomplia. Iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006. Hiyo ilifanya kazi: kwa mwaka mmoja waliotumia walipungua karibu kilo 5 zaidi ya waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Lakini kufuli lile halilindi mlango wa njaa peke yake, linahusika pia na furaha. Watu walianza kupata sonona na wengine kufikiria kujiua, na mwaka 2008 dawa ikasimamishwa. Marekani haikuwahi kuiruhusu. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka binti yangu Koku, ambaye wiki ya pili ya pipi aliniuliza, "Mama, mbona umekuwa mnyonge?" Siwezi kusema ni pipi. Nina kaka mgonjwa, nina zamu za usiku. Nasema tu kwamba aliuliza.

Je, mwenzangu alikosea kuhusu wavuta bangi? Hakukosea kabisa, na hili lilinishangaza. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya tafiti mbili kubwa za hapa Marekani. Kati ya wasiotumia bangi, wenye unene uliopitiliza walikuwa asilimia 22.0 katika utafiti mmoja na 25.3 katika wa pili. Kati ya wanaotumia angalau siku tatu kwa wiki, walikuwa asilimia 14.3 na 17.2. Watafiti walizingatia umri, jinsia na uvutaji wa sigara, na tofauti ikabaki. Ajabu kweli kwa mmea unaojulikana dunia nzima kwa kuleta njaa! Maelezo mojawapo ni kwamba kwa mtumiaji wa kila siku vipokezi vile hupungua, kama mlango uliogongwa sana hadi wenye nyumba wakaacha kuitika. Lakini utafiti wa namna hii unawauliza watu mara moja tu: unatumia au hutumii, una kilo ngapi. Hausemi kipi kilitangulia, wala hausemi kwamba mama wa miaka 50 mwenye kilo 92 akianza leo atapungua. Na upo wembamba mwingine wa bangi ambao hauko kwenye tangazo lolote. Mwaka 2004 madaktari wa Australia walieleza wagonjwa, watumiaji wa miaka mingi, waliokuwa wakitapika mfululizo na kupata nafuu wakioga maji ya moto tu. Wakiacha bangi, kutapika kunakoma. Muuguzi wa wodi ya kaka anasema anawaona hapa mara kwa mara, wamekonda na wamekauka maji.

Sasa siku ya 19. Kazini, wakati wa mapumziko, nilimtajia dada mmoja Mkongo tunayefanya naye zamu. Aliweka kijiko chini. "Mama, una THC ndani ya mkojo wako na unahudumia wazee?" Bangi iliruhusiwa kwa watu wazima Minnesota tangu tarehe 1 Agosti 2023, na sheria hiyo hiyo imewapunguzia waajiri wengi uwezo wa kuwapima wafanyakazi bangi. Ila imewaacha nje wanaohudumia wagonjwa, watoto na watu wasiojiweza. Yaani sisi. Nusu ya Waswahili ninaowafahamu mji huu wanafanya kazi hizi. Miligramu 2 kila siku zinaweza kujilimbikiza mwilini hadi kipimo kiseme ndiyo, na mpimaji hajali kama ulikula pipi au ulivuta msokoto. Nilirudi nyumbani asubuhi ile na chupa nikaifunga.

Kuna zaidi, na hili nawaomba walisome wenye grini kadi. Mimi niliapa uraia 2021. Kaka hajaapa. Kwa serikali ya shirikisho bangi bado ni haramu, jimbo liseme lisemavyo. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa idara ya uhamiaji umeweka wazi kwamba kutumia bangi, au hata kufanya kazi kwenye biashara yake, kunaweza kukuharibia sifa ya tabia njema unapoomba uraia, hata kama umefanya hivyo katika jimbo linaloruhusu. Rafiki zake waliokuja kumjulia hali walimshauri kwa upendo ajinunulie pipi za dukani zimsaidie kula. Nilikataa kabisa. Mgonjwa asiongezewe mzigo wa pili.

Ndiyo maana kapsuli za hospitali zina nyota nne machoni mwangu. Dronabinol ni dawa iliyosajiliwa. Jina lake la kwanza la biashara ni Marinol. Ilikubaliwa mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha kemo, yaani tiba ya dawa kali za saratani, pale dawa za kawaida zinaposhindwa, na mwaka 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI wanaokonda kwa kukosa hamu ya kula. Niliposoma huo mwaka wa 1992 nilizima simu. Shangazi alikuwa na miaka mitatu kaburini, na hata angekuwa hai dawa isingefika Bukoba.

Kaka kabla ya kuugua alikuwa na kilo 74. Tarehe tuliyopewa kapsuli alikuwa na 56.3. Kemo ya pili na ya tatu zilimtapisha siku nne kila moja, na ile dawa ya kawaida ya kichefuchefu haikumsaidia. Harufu ya kitunguu tu ilimtoa sebuleni. Akaandikiwa miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, saa moja kabla ya chakula cha mchana na saa moja kabla ya cha jioni. Bima ilichukua siku sita kuidhinisha. Siku sita kwa mtu asiyekula ni nyingi, na kwa hilo nimetoa nyota moja, ingawa kapsuli yenyewe haina kosa.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Siku ya pili alilala sana. Usiku wa siku ya tatu aliamka akaniita kwa jina la marehemu mama na kuniuliza kama ng'ombe wamefungwa. Niliogopa. Nilipiga simu asubuhi, daktari akasema tuache ya mchana kwa muda na kubaki na ya jioni, na ule mkanganyiko ukaisha. Mwenye mzee ndani ya nyumba ajue hilo: asimwache peke yake siku za mwanzo, wala asimwache ashuke ngazi bila mtu. Siku ya nane nilikuwa napika katogo, ndizi zilizochanganywa na maharage, madirisha nimeyafungua ili harufu itoke, na baridi ikiingia. Kaka akaja mwenyewe jikoni ameshika ukuta. Akasema, "Mama Koku, umetia chumvi?" Mtu ambaye hakuwa ameuliza habari ya chakula tangu mwezi wa saba. Alikula ndizi nne. Jumapili yake alikula sato nusu, na senene aliotuletea mdogo wetu kutoka Bukoba aliwatafuna mmoja mmoja mbele ya runinga hadi nikawaficha, nisije nikamvimbisha tumbo.

Lakini niwe mkweli kuhusu mizani, kwa sababu ndiyo iliyonileta hapa. Wiki nne za kapsuli, kaka ametoka 56.3 hadi 56.9. Kukonda kwa saratani si njaa peke yake. Uvimbe unaubadilisha mwili mzima hadi unakula misuli yake wenyewe, na sahani ikijaa haimaanishi nyama inarudi. Upo utafiti wa 2002 wa wagonjwa 469 wa saratani waliolinganishwa kati ya dronabinol na dawa nyingine ya kuleta hamu, megestrol. Walioona hamu imerudi walikuwa asilimia 49 kwa dronabinol na 75 kwa megestrol. Walioongezeka uzito kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa 3 tu kwa dronabinol, na 11 kwa hiyo nyingine. Nilimpelekea daktari takwimu hizo nikimwuliza kwa nini asibadilishe. Akanijibu kwa upole kwamba megestrol inaongeza hatari ya damu kuganda, na kaka tayari alikuwa amepata bonge la damu mguuni. Nikaelewa. Mimi nilikuwa nimehesabu kilo, yeye alikuwa anamhesabu kaka mzima.

Mfamasia naye nampa nyota zote. Kabla ya kutukabidhi chupa aliuliza kama kaka ana mzio wa ufuta, kwa sababu kapsuli hizi ndani zina mafuta ya ufuta. Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo. Nyumbani kwetu simsim ilikuwa kitu cha kutafuna njiani, kwa hiyo jibu lilikuwa rahisi, lakini kuna nyumba ambamo swali hilo lingeokoa mtu. Alituambia pia tuziweke kwenye friji, tusizigandishe. Aliyeniuzia pipi hakuniuliza hali ya moyo wangu, wala dawa ya presha ninayomeza, wala kazi ninayofanya.

Binamu yangu wa Bukoba ameona picha ya chupa kwenye simu ya Koku, na ameniomba nimtumie mbili kwa mtu anayesafiri Desemba. Jibu langu ni hapana, na nimempigia ili alisikie kwa sauti. Bangi Tanzania ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na pipi ya zambarau yenye THC ni bangi. Atakayekamatwa uwanja wa ndege ni yule msafiri aliyekubali kubebea watu zawadi.

Niliomba kampuni inirudishie pesa. Waliandika kwamba chupa imeshafunguliwa na matokeo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Pipi 11 zilizobaki nimezichanganya na makapi ya kahawa, nikazifunga kwenye mfuko na kuzitupa, ili asiziokote mtoto. Uzito wangu leo asubuhi ni 91.8, bila kitu chochote, nimeacha tu kushinda na kahawa mchana.

Kapsuli za kaka ziko kwenye friji, rafu ya juu, nyuma ya maziwa. Kemo ya tano ni Jumatano. Ameniomba ndizi za utumbo siku ya Jumanne jioni, kabla hajaharibikiwa na ladha, na utumbo nimeshaagiza kwa yule Msomali wa bucha.